Uzi wa pamba wa kusokota kwa mkono unakatika, na nikipota nyuzi mbili shada linajikunja: nakosea wapi?

Mama Buhongwa

Mwangaluka wadau. Naomba msaada kwa wanaojua kusokota pamba nyumbani. Pamba ni ya Misungwi, mavuno ya mwaka huu, mbegu nimezitoa kwa vidole. Ninachotaka ni uzi wa kufumia kwa sindano za milimita 3, nyuzi mbili zilizopotwa pamoja.

Natumia pia ya kuning'inia: kijiti cha sentimita 28 chenye kisahani cha mbao, uzito wote gramu 45. Namna ya kusokota nimeifuata kwenye video za wanaosokota manyoya ya alpaca, yule mnyama wa Peru. Wao wanavuta, wanaiachia pia ishuke mpaka karibu na sakafu, wanakunja, wanaendelea. Kwangu mambo ni haya:

Uzi unakatika kila baada ya sentimita 20 au 30 na pia inadondoka. Nikiongeza pamba ili uwe mnene haukatiki sana, lakini unatoka kama kamba ya kufungia gunia.

Unapotoka vizuri, una vinundu vidogo vyeupe kila mahali. Nikivitoa kwa kucha, uzi unakatikia hapohapo.

Nimefanikiwa kupata mita 60 hivi na nikazipota mbili mbili. Shada (uzi uliozungushwa kuwa fungu la duara) nikilishika juu linajikunja lenyewe kama kamba. Halafu kuna sehemu uzi mmoja umenyooka tu na wa pili unauzunguka, haulingani na mwenzake.

Sijachemsha bado. Nianze kurekebisha wapi?

---

Fundi Pia

Mama Buhongwa, anza na pia yenyewe, maana matatizo mengine hayawezi kupimwa mpaka hilo liishe.

Unyoya wa alpaca una sentimita 8 hadi 12, mara nyingine zaidi. Unyoya wa pamba zetu za kituo cha utafiti cha Ukiriguru, aina ya UK 91 au UKM 08, una milimita 28 hivi, yaani hata sentimita 3 haufiki. Uzi unashika kwa sababu nyuzinyuzi zimelaliana na msokoto umezibana. Za alpaca zinalaliana kwa kirefu, kwa hiyo msokoto mchache tu unaweza kubeba gramu 45. Za pamba zinalaliana kidogo sana. Pale vidole vinapovuta, msokoto haujafika bado, hakuna kinachoshika, na wewe umening'iniza gramu 45 hapohapo. Hakuna mkono unaoweza kushinda hilo.

Pamba inataka pia ya kukaa. Ncha ya chini inazungukia ndani ya chombo, uzito unabebwa na chombo, uzi haubebi kitu. Tengeneza kwa spoku ya baiskeli. Kata ule upande uliopinda, ubaki na sentimita 22 hadi 24. Ncha ya chini isugue kwa tupa iwe ya mviringo kama ncha ya kalamu ya wino; ukiiacha kali itachimba chombo na kujifunga breki yenyewe. Ncha ya juu kunja ndoana ndogo ya milimita 3, uisugue kwa msasa mpaka isikwaruze uzi. Kisahani: chukua visoda (vifuniko vya chupa za soda) vinne, viponde viwe bapa, toboa kila kimoja katikati kwa msumari, vipandanishe sentimita 3 au 4 kutoka ncha ya chini na uvishike kwa gundi ile ya kuchanganya mirija miwili. Uzito wote ukiwa kati ya gramu 13 na 18 ni sawa. Kabla gundi haijakauka izungushe: ikitetemeka, tundu haliko katikati, sogeza. Mtetemo mdogo unaouona chini unafika juu ukiwa mkubwa, na unakata uzi pale pale unapovutia.

Chombo kiwe kifuu cha nazi kilichosuguliwa ndani au kibakuli cha kauri. Plastiki inachubuka ndani ya siku chache na pia inaanza kusuasua.

Sasa kuvuta. Mkono wa kulia unazungusha pia, wa kushoto umeshika utambi wa pamba, yaani pamba iliyochanwa na kuviringishwa, umeushika kama umeshika kifaranga, bila kubana. Zungusha kwa mwelekeo wa mishale ya saa, subiri msokoto upande mpaka kwenye utambi, ndipo urudishe mkono wa kushoto nyuma polepole. Usivute ukisubiri msokoto uje. Acha msokoto ufike kwanza, mkono uufuate. Utaona uzi unatoka una sehemu nene na sehemu nyembamba. Usiogope, na usisimame. Msokoto unakimbilia kwenye sehemu nyembamba kwanza na kuzifunga, zile nene zinabaki laini, kwa hiyo ukiendelea kuvuta kidogo kidogo zinazorefuka ni nene tu. Uzi unajisawazisha mbele ya macho yako. Ukifika sentimita 50 acha kuvuta, bana utambi kwa kidole gumba, zungusha tena pia mara mbili au tatu kwa nguvu. Huo ni msokoto wa kumalizia, na wengi wanausahau. Ukiuruka, uzi utakaa vizuri kwenye pia lakini utaachia siku ya kupota.

Kiasi gani? Kwa uzi wa sindano za milimita 3, uzi mmoja usiopotwa uwe na mizunguko 4 hivi kwa kila sentimita. Yaani kipande cha sentimita 50 kimekula mizunguko 200. Alpaca haitaki hata nusu ya hiyo, ndiyo maana macho uliyozoesha kwenye video yanakudanganya: uzi wa pamba ulio sawa utauona umezidi.

Ukikatika, usiuunge kwanza. Angalia ncha. Kama ni ndefu, zimechongoka na zina manyoya, nyuzinyuzi ziliteleza: msokoto mdogo. Kama ni fupi na butu, tena ulisikia "pa", nyuzinyuzi zenyewe zimekatika: ama msokoto umezidi mno, ama uzi ni mwembamba mno, ama pamba ni dhaifu. Dawa za hali hizi mbili zinapingana, usikisie.

---

Mkulima wa Misungwi

Naongezea kwenye pamba, maana hapo ndipo vinundu vinatoka.

Mama, uliitenga safi na fifi kabla ya kutoa mbegu? Pamba fifi, yenye madoa ya njano na vipande vilivyogandana, ina nyuzinyuzi ambazo hazikukomaa. Ukizichana hazinyooki, zinajikunja na kuwa vinundu, na ukisokota zinakatika kwa ule mlio aliousema Fundi Pia. Hakuna kuchana kutakakoitengeneza. Iweke pembeni ijaze mto.

Kwenye pamba safi, vinundu huletwa na mikono. Ukiing'oa kwa kuvuta ovyo pande zote unazikunja nyuzinyuzi kabla hata ya kuzichana. Ianike pamba mbegu juani saa mbili au tatu, ikiwa ya moto na kavu mbegu inaachia kirahisi. Kisha weka tembe moja, yaani mbegu na pamba yake, juu ya ubao laini, pitisha fimbo ya chuma laini ya unene wa kidole kwa kuisukuma mbele. Mbegu inatangulia kutoka, pamba inabaki nyuma. Isiwe nondo yenye michirizi, itapasua mbegu na mafuta yake yatatia doa. Gramu 300 za pamba mbegu zinakupa gramu 100 za pamba nyuzi na kidogo juu yake.

Baada ya hapo usikimbilie brashi. Ichambue kwa upinde: fito ya sentimita 80, kamba yake ni mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene. Tandika mkeka, weka gramu 10 tu, gusisha mshipi kwenye pamba na uupige kwa kijiti. Pamba inaruka na kufumuka, na vumbi na vipande vya majani vinabaki kwenye mkeka. Dakika tano zinatosha. Kisha ichane mara tatu au nne kwa brashi mbili za meno ya waya laini yasiyo na vidonge nchani, bila kuzigandamiza. Ukichana mara kumi unavitengeneza upya vinundu ulivyovitoa. Mwisho izungushie kwenye kalamu ya risasi, ibiringize mezani mara mbili tatu ikaze, chomoa kalamu. Huo ndio utambi: urefu sentimita 18 hadi 20, uzito gramu 1 hadi 2. Ukiwa mnene kuliko kidole gumba pamba inatoka kwa mafungu.

Pamba ya duka la dawa isijaribiwe kabisa. Imeondolewa nta yake yote na nyingi ni nyuzinyuzi fupi zilizobaki viwandani. Haivutiki.

Kuna njia ya kujifunzia ambayo inaruka yote haya: sokota moja kwa moja kutoka kwenye mbegu. Fungua tembe kwa vidole nyuzinyuzi zisimame kuizunguka mbegu kama nywele, shika mbegu, vuta. Zimepangwa tayari na shamba lenyewe. Ni polepole kwa kazi kubwa, ila kwa kuuzoesha mkono hakuna nzuri kuliko hiyo.

Jambo la mwisho ni hewa. Tunavuna kiangazi, na pamba kavu inakatika ovyo na kurukia nguo. Viwandani huweka unyevu wa hewa karibu asilimia 60 kwa sababu hiyo hiyo. Sokota asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza, zima feni, tundika taulo lililoloweshwa karibu na unapokaa. Pamba yenyewe usiilowanishe, utapata tope.

---

Ufumaji Nyakato

Mimi nije kwenye kupota, na nianze na hii: pia yako ya gramu 45 usiitupe. Ni mbaya kwa kusokota pamba, lakini kwa kupota ndiyo inayofaa. Uzi uliokwisha kusokotwa una nguvu ya kuibeba, na uzito wake unasaidia nyuzi mbili zikae kwa mvuto mmoja.

Nunua futi moja ya kamba ya katani, ifumue kwa vidole. Utaona kila mkondo umesokotwa upande mmoja, na kamba nzima imepotwa upande wa pili. Mikondo inataka kufumuka, kamba inataka kufumuka kinyume chake, zinazuiana, kamba inatulia. Uzi wako ni hivyo hivyo. Umesokota kwa mwelekeo wa mishale ya saa, utapota kinyume. Ukipota upande uleule unaongeza msokoto juu ya msokoto, na shada litajikunja hata ukilichemsha wiki nzima.

Ule uzi mmoja ulionyooka na mwenzake unauzunguka: hiyo ni mvuto usiolingana. Uliokaza unakuwa nguzo, uliolegea unauzunguka kama maharage yanavyopanda mti. Ukivaa nguo, mzigo wote unabebwa na ile nguzo na ndiyo inayokatika. Dawa ni kuzikutanisha kabla ya kupota. Chukua uzi kutoka pia mbili, au madonge mawili yaliyowekwa kwenye vibakuli viwili, pitisha zote katikati ya vidole viwili na uzikunje pamoja kuwa donge moja gumu la nyuzi mbili. Moja ikilegea utaiona hapo na utaivuta. Kisha pota kutoka kwenye donge hilo. Ni kazi ya saa moja zaidi kwa gramu 50, na hiyo saa inaonekana kwenye nguo.

Kiasi cha kupota ni kati ya nusu na theluthi mbili ya msokoto wa kwanza. Kama ulisokota 4 kwa sentimita, pota 2 hadi 2 na nusu. Lakini usihesabu kila mahali. Uzi ukiwa bado mbichi, umetoka kwenye pia muda huohuo, chukua sentimita 30, ukunje katikati, uachie ujikunje wenyewe. Unachokiona ndicho kipimo. Kizungushie kwenye kipande cha boksi, andika tarehe, na unapopota linganisha nacho kila baada ya mita kadhaa.

Shada kujikunja kuna maana mbili. Angalia linajikunja upande gani. Likijikunja kwa upande uleule uliotumia kupota, linaendelea lenyewe pale ulipoishia: hujapota vya kutosha, rudisha kwenye pia uongeze. Likijikunja kinyume, umezidisha, pitisha tena ukipunguza. Ila usiamue kabla ya kulilowesha. Uzi uliolala kwenye pia siku tatu umepoa, unaonekana mtulivu, na maji yakiugusa msokoto unaamka wote.

Shada lenyewe lizungushe kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa. Pima mzunguko mmoja kwa tepu. Ukiwa mita 1.5, mizunguko 200 ni mita 300. Lifunge sehemu nne kwa uzi wa pamba, kila fungo likipita juu na chini ya mafungu kama tarakimu 8, na lilegee. Lililofungwa sehemu mbili tu likichemshwa linatoka fujo isiyofumuliwa.

Kwa kujua kama unene ni sahihi, pima mita 100 za uzi usiopotwa kwenye mizani ya jikoni. Kwa sindano zako zinatakiwa gramu 12 hivi. Zikipotwa mbili, gramu 100 zitakupa karibu mita 400. Ukipata 250, unafuma uzi mzito na blauzi itaning'inia, maana pamba hainyumbuki ikarudi kama manyoya.

Na chemsha nyuzi zikiwa bado moja moja, kabla ya kupota. Zinatulia, hazijikunji mikononi.

---

Fundi Pia

Nakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Ukichemsha nyuzi moja moja unaua ule msukumo unaokuambia upote kiasi gani. Kama mkono umeshazoea, sawa. Kwa anayeanza, pota kwanza, chemsha shada.

---

Ufumaji Nyakato

Ndiyo maana nikasema kipimo kichukuliwe uzi ukiwa mbichi, kwenye boksi. Ukiwa nacho, kuchemsha mapema hakukupotezi. Na kwa mama ambaye nyuzi zake zinajikunja kabla hazijafika kwenye donge, kupota zikiwa mbichi kutamletea vitanzi vidogo kila hatua, na kitanzi kikishapotwa ndani hakitoki. Ajaribu mita 20 kwa kila njia, achague.

---

Mama Buhongwa

Asanteni sana, nimefafanuliwa mpaka nimeelewa. Pia ya spoku imekubali, kibakuli cha kauri kinafaa kuliko kifuu changu ambacho kilikuwa na mkwaruzo. Uzi unatoka, na kweli sehemu nene zinajivuta zenyewe. Ncha zikikatika sasa ni zile ndefu zenye manyoya, kwa hiyo naongeza msokoto wa kumalizia. Kupota nimefuata donge la nyuzi mbili, umelingana.

Nimechemsha mita 40 za majaribio kwa magadi na sabuni. Maji yametoka rangi ya chai ya rangi, na uzi umekuwa wa kijivu badala ya kuwa mweupe. Pamba ilikuwa safi kabisa. Sufuria nayo imekuwa nyeusi ndani.

---

Ufumaji Nyakato

Hayo ni mambo mawili tofauti. Maji ya rangi ya chai ndiyo tuliyoyataka: ni nta na utomvu wa pamba unaotoka. Uzi usiotolewa nta hauingizi maji wala rangi. Udondoshee tone la maji sasa. Likizama mara moja imetoka, likikaa juu kama shanga rudia.

Kijivu kimetoka kwenye sufuria. Ya aluminiamu, sivyo? Magadi ya moto yanaila aluminiamu, ndiyo maana imekuwa nyeusi, na kilicholika kimekaa kwenye uzi. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya bati lililopakwa kauri lisilo na mahali palipobanduka. Maji lita 5 kwa gramu 100 za uzi, magadi vijiko viwili vya chakula yaliyoyeyushwa na kuchujwa kwa kitambaa maana yana mchanga, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai. Uzi uingie ukiwa umeshaloweshwa, uchemke kwa moto mdogo saa moja, maji yaufunike wakati wote. Uache upoe humohumo, usiutoe wa moto ukautia kwenye maji baridi. Suuza mpaka maji yawe meupe, kwa kawaida mara nne. Suuza ya mwisho tia kijiko cha siki, inaondoa magadi yaliyobaki.

Kisha ingiza mikono miwili ndani ya shada na ulitanue kwa nguvu, pa, mara tano au sita, ukilizungusha kidogo kila mara. Tundika kivulini. Usilining'inizie jiwe wala chupa ya maji. Likikauka likiwa limevutwa, blauzi itasinyaa siku ya kwanza kufuliwa.

Zile mita 40 za kijivu zioshe kwa siki na maji vuguvugu, kijivu kitapungua ila hakitaisha. Zitumie kufungia mashada.